Wazee, daftari za kanisa au Nyaraka za Taifa: pa kuanzia unapomtafuta babu asiye na jalada

Baba wa babu yangu, ambaye humu nitamwita babu tu, hakuwa jumbe, hakuwa akida, hakuwa nduna. Alikuwa mkulima wa Ungoni: alichunga mbuzi utotoni, akabeba mizigo ya vita ujanani, akaenda Tanga kukata mkonge, akarudi kulima mpaka alipozikwa. Hakuacha picha wala barua. Nilipoanza kumtafuta nilikuwa na jina lake na maneno machache ya Bibi, mkwewe, aliyempikia miaka mingi: "Wakati wanawanyonga wale wakubwa pale Songea, yeye alikuwa mtoto wa kuchunga."

Maneno hayo yana tarehe ndani yake. Viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, baada ya vita vya Maji Maji, na mtoto wa kuchunga mbuzi ana miaka saba mpaka kumi hivi. Basi alizaliwa kati ya 1896 na 1899. Mpaka hapo sikuwa nimefungua karatasi hata moja.

Wengi wananiuliza waanzie wapi: kwa wazee, kanisani, au Nyaraka za Taifa. Jibu linategemea swali moja ambalo watu hulisahau: ni nani aliyemhitaji babu yako akiwa hai? Mtu wa kawaida aliandikwa pale tu mwenye mamlaka alipokuwa na haja naye, yaani kodi, kazi, vita, kesi au sakramenti. Siku zake nyingine zote zilibaki midomoni mwa watu. Nitalinganisha njia hizo tatu kwa mizani ileile, na mwishoni nitagusa vipimo vya vinasaba kwa sababu vinaulizwa sana. Mifano mingi ni ya kusini mwa Tanzania kwa kuwa ndiko nilikohangaika.

Vigezo vyenyewe

Kila njia naipima kwa mambo matano. Inakupa nini hasa kuhusu mtu mwenyewe? Inakusaidiaje kumweka kwenye miaka, ili maisha yake yakae sambamba na mambo ya wakati wake? Inakugharimu fedha na muda kiasi gani? Inapotosha wapi? Na inamfaa nani? Kigezo cha nne ndicho ninachokisisitiza kuliko vyote, kwa sababu kila chanzo kina namna yake ya kukudanganya, na aliyezoea kimoja huwa haoni cha kwake.

Njia ya kwanza: wazee

Unachopata. Unampata mtu. Alikuwa mrefu au mfupi, alikohoa usiku, alimpiga mke au hakumpiga, aliogopa nini, alipenda chakula gani. Hakuna karatasi yoyote ya serikali itakayokwambia kwamba babu yako alirudi kutoka vitani akawa hawezi kuvumilia harufu ya nyama iliyochacha. Na wanawake, ambao karatasi za wakoloni ziliwapita kana kwamba hawakuwepo, kwa wazee wana majina, vijiji walikotoka na sababu za kuolewa kwao.

Tarehe. Mzee hatakutajia mwaka, na akikutajia uwe na shaka. Atakupa alama, na kazi ya kuzigeuza kuwa miaka ni yako. Alama ninayoipenda ni fedha. Uliza mahari ililipwa kwa kitu gani, na kodi ililipwa kwa kitu gani. Wakisema rupia, uko enzi za Mjerumani au miaka michache tu baada yake. Wakikumbuka heller, ni baada ya 1904, rupia ilipoanza kugawanywa kwa heller mia badala ya pesa 64. Shilingi iliingia 1921. Kwa swali hilo moja nilijua ndoa ya kwanza ya babu ilikuwa kabla ya shilingi.

Alama nyingine ni njaa na magonjwa. Wagogo wana Mtunya, njaa kuu iliyoanza 1917 majeshi yalipokwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wao. Homa kali ya mwishoni mwa 1918 inakumbukwa karibu kila mahali. Kenya, nzige wa 1928 hadi 1931 wamebaki kwenye masimulizi mengi. Majina nayo husaidia: Mjaluo anayeitwa Okech alizaliwa wakati wa njaa, na marika ya Wakikuyu yaliitwa kwa matukio ya mwaka wa kutahiriwa, kwa hiyo ukilijua rika la babu umeupata mwaka wake, au umeukaribia sana.

Gharama na muda. Nauli, sukari, majani ya chai, sabuni. Kinachotumika zaidi ni siku. Ukifika asubuhi na kuondoka jioni utapewa ile hadithi ya wageni. Mimi yaliyo ya maana niliyapata siku ya tatu, tukipukuchua mahindi, wala sikuwa nimeuliza kitu. Omba ruhusa ya kurekodi, na andika nani kasema nini, kwa sababu shangazi na baba mdogo watatofautiana na utatakiwa kujua ni wa upande gani.

Inapopotosha. Kwanza, matukio hukunjwa pamoja. Kusini, "vita vya Mjerumani" ni Maji Maji ya 1905 hadi 1907, na pia ni vita vya 1914 hadi 1918. Nilikaa muda mrefu nikidhani babu alibeba mizigo wakati wa Maji Maji. Ukitaka kuzitenganisha usiulize mwaka. Uliza kama watu walikunywa au kunyunyiziwa dawa, uliza alipigana na nani, kulikuwa na Wahindi kati ya askari, alitembea mpaka wapi. Aliyevuka Ruvuma na mzigo kichwani nyuma ya jeshi la kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, mwaka 1917 hakuwa kwenye Maji Maji.

Pili, kuna yanayofichwa, na yanafichwa kwa upendo. Pwani ni utumwa. Ungoni ni asili ya waliotekwa na kuingizwa katika kabila, walioitwa sutu. Kwingine ni babu aliyekuwa ruga-ruga, akachoma vijiji vya jirani kwa amri ya Mjerumani. Mambo hayo usiyaulize mbele ya watoto wala mbele ya wakwe. Mzee akikwepa, mwache akwepe. Mara nyingi atalirudia mwenyewe.

Inamfaa nani. Kila mwenye mzee aliye hai na akili timamu, na hasa anayemtafuta bibi na si babu. Haimfai sana anayehitaji uthibitisho wa maandishi, kwa mfano kwenye shauri la ardhi, wala ambaye ukoo wake ulitawanyika mapema mpaka hakuna wa kumuuliza.

Nyongeza kwa mtu wa kusini: mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam, kilichokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walitumwa kwenye wilaya kuwahoji wazee walioiona Maji Maji. Wazee hao wote wamekufa, maneno yao yapo. Inawezekana hutamkuta babu yako, ila utakuta kijiji chake kikisimuliwa na mtu wa rika lake.

Njia ya pili: daftari za ubatizo, ndoa na vifo

Unachopata. Daftari la Kikatoliki la ubatizo lina safu zinazofanana karibu kila mahali: namba, tarehe, jina jipya na la zamani, baba, mama, msimamizi, padre. Pembeni huandikwa kipaimara na ndoa, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine, kwa kuwa sheria ya Kanisa inataka taarifa irudi kwenye daftari la ubatizo. Mstari mmoja unaweza kukufungulia vizazi viwili na kijiji cha mke. Msimamizi usimpite tu. Wa babu yangu alikuwa mtu wa kijiji cha mbali, na nilipouliza nikaambiwa walibeba mizigo pamoja. Daftari halikusema neno juu ya vita, lakini lilinipeleka mlangoni kwa mtu aliyejua.

Tarehe. Hapa ndipo pana nguvu kuliko kwingine. Tarehe ya tukio ni ya uhakika, iliandikwa siku hiyohiyo au karibu yake. Umri wa mtu mzima ni habari nyingine: padre alimtazama akakisia, na Kilatini chake, annorum circiter, maana yake "miaka kama". Babu aliandikwa miaka kama 24 mwaka 1921. Hesabu hiyo inampeleka 1897, na maneno ya Bibi kuhusu kuchunga yalimpeleka palepale. Vyanzo viwili visivyojuana vikikubaliana hivyo, unaweza kuandika kwa wino.

Gharama na muda. Ni nafuu ukijua parokia, na unapotea ukiwa huijui, kwa sababu vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini, viligawanyika na kuwa parokia, na daftari la zamani likabaki kwa parokia mama. Muulize katekista mzee kabla ya paroko. Yeye anajua kigango kilikuwa chini ya nani mwaka gani. Daftari ni za watu, si za maonyesho: tafuta wa ukoo wako na usipige picha kurasa za wengine. Kitu kidogo cha shukrani kwa kanisa hakiwi kibaya.

Inapopotosha. Inaanza pale misheni ilipoanza: Bagamoyo 1868, Masasi 1876, Peramiho 1898. Kabla ya hapo ni kimya. Kuna pia mapengo, na pengo lenyewe ni historia: Masasi, Nyangao, Lukuledi na Peramiho zote zilishambuliwa mwaka 1905. Mchwa na paa linalovuja vimemaliza vingine. Mimi nimeshika daftari ambalo robo yake ilikuwa vumbi.

Tahajia itakuchosha. Mjerumani aliandika "tsch" kwa ch, "sch" kwa sh, "dsch" au "dj" kwa j. Songea ni Ssongea, Mwanza ni Muansa, Ujiji ni Udjidji. Tamka jina kwa sauti kama Mjerumani anavyolisikia kabla ya kusema halipo. Na ubatizo si ushahidi wa maisha ya Kikristo. Wapo waliobatizwa kitandani wakidhaniwa wanakufa, wakapona, wakaendelea na wake wawili.

Inamfaa nani. Mwenye ukoo uliokaa karibu na misheni kongwe: Uchagani, Peramiho, Ndanda, Karema, Ukerewe, Rabai na Freretown kule Mombasa. Aliyeko Ulaya ana bahati yake: karatasi nyingi za misheni zilipelekwa huko. Za misheni za Kianglikana za UMCA ziko Oxford na za CMS ziko Birmingham, za misheni ya Kilutheri ya Leipzig ziko Halle, na za Wamisionari wa Afrika, walioandika shajara katika kila kituo, ziko Rome. Shajara hizo hutaja mvua, chui, magomvi ya ndoa na nani kaja kuomba dawa.

Familia za Kiislamu zisiiruke sehemu hii kana kwamba haiwahusu. Mantiki ni ileile, vitabu ndivyo vingine: nasaba iliyoandikwa kwenye kurasa za mwanzo za msahafu au kitabu cha dini, hati za wakfu, hati za kununua shamba, mashauri ya kadhi. Nyingi ni za herufi za Kiarabu, hata lugha ikiwa Kiswahili, kwa hiyo nenda na mwalimu wa madrasa anayezisoma.

Njia ya tatu: Nyaraka za Taifa

Unachopata. Mara nyingi humpati mtu, unapata dunia yake. Jina la babu yangu sikulikuta Dar es Salaam hata mara moja. Nilichokuta ni barua za maofisa juu ya vijana wa Songea kwenda kwenye mkonge, wakilalamika kwamba vijiji vimebaki na wazee na wanawake. Nilizisoma nikamwona Bibi mkubwa peke yake shambani, miaka ambayo nyumbani ilitajwa tu kama "babu alipokuwa manamba", yaani kibarua wa mkataba.

Dar es Salaam kuna majalada ya Mjerumani, yaliyoingizwa na UNESCO mwaka 1997 kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, na vitabu vya wilaya ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika koo, machifu, mila na kodi. Nairobi, kwenye jengo la Moi Avenue lililokuwa benki, kuna ripoti za mwaka za wilaya na mikoa. Zanzibar, Kilimani, kuna karatasi za Kiarabu na za mabalozi, pamoja na habari za walioachwa huru. Kwa mjukuu wa mtumwa hapo panaweza kuwa na jina kabisa. Majina ya watu wa kawaida hutokea kwenye kesi, malalamiko, ugomvi wa ardhi na orodha za wafanyakazi. Babu aliyeshtakiwa anaonekana kuliko babu aliyetii.

Tarehe. Kila barua ina siku, mwezi na mwaka. Hakuna njia nyingine inayokuonyesha amri ilitoka lini, kodi ilipanda lini, mvua ilikosekana msimu upi.

Gharama na muda. Hii ndiyo ghali. Uliza mapema kuhusu kibali na ada, kwa kuwa taratibu za raia na za mgeni zinatofautiana na hubadilika. Jipe wiki, si siku. Jalada la Mjerumani linahitaji anayesoma mwandiko wa kale wa Kijerumani. Walioko nje wana njia za mkato: karatasi za wizara ya makoloni ya Ujerumani ziko Berlin na nyingi zinasomeka mtandaoni; barua za Tanganyika na Kenya ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, ikiwa ni pamoja na majalada yaliyofichwa mpaka kesi ya wahanga wa Mau Mau ilipoyafichua mwaka 2011.

Inapopotosha. Mwandishi ni mtawala. "Mvivu" anaweza kuwa mtu aliyekataa ujira mdogo. "Mtoro" anaweza kuwa mtu aliyerudi kuzika. Ukimya wa karatasi usiufanye ushahidi kwamba babu hakuwepo. Wapagazi waliokufa wakiwatumikia Waingereza katika vita vya kwanza hukadiriwa kuwa takriban 95,000, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam iko tangu 1927, na mtaa wa Kariakoo umebeba jina la kikosi cha wapagazi mpaka leo. Majina ya wapagazi wenyewe kuyapata ni kazi.

Inamfaa nani. Aliyekwisha kujua wilaya, kijiji na miaka, akataka kuelewa kwa nini babu alifanya alichofanya. Inamfaa pia mwenye babu aliyekuwa askari, karani, mwalimu, mfungwa au mlalamikaji. Asiyejua hata wilaya atapotea humo.

Na vinasaba?

Ninaombwa maoni juu ya vipimo vya mate kila mara. Vinaweza kukuunganisha na ndugu wa karibu usiowajua, na kwa aliyelelewa mbali na wazazi hilo ni jambo kubwa. Lakini baba wa babu amekuachia wastani wa sehemu moja kwa nane tu, watu wa kwetu waliopimwa ni wachache, na asilimia unazopewa hazikwambii alikuwa wapi mwaka 1917. Kwa kazi hii ninavihesabu kuwa nyongeza.

Kulingana na hali yako

Kama kuna mzee hata mmoja, anza naye mwezi huu na mengine yasubiri. Daftari limekaa miaka mia, linaweza kukaa mwaka mwingine.

Kama wazee wamekwisha na ukoo ni wa Kikristo, anza na ubatizo wa babu unayemjua kwa uhakika, kisha rudi nyuma mstari kwa mstari. Usimrukie aliye mbali.

Kama ukoo ni wa pwani na kuna minong'ono ya utumwa, tanguliza mazungumzo ya faragha na mtu mmoja mwenye busara, kisha Zanzibar. Kwenda Nyarakani kwanza na kurudi na jina kunaweza kuumiza watu kijijini.

Kama babu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles la Waingereza, au mpagazi, fungua kwanza masanduku ya nyumbani. Nishani ya Kiingereza ya vita vya kwanza mara nyingi ina namba, jina na kikosi ukingoni. Kwa familia za Kenya, kipande, yaani kitambulisho cha kazi, kilichotumika kuanzia 1919 na 1920 kina mwajiri, ujira na tarehe; kwa manamba, kadi ya siku 30 ya mkonge ni hazina. Vitu hivi ndivyo vya kwenda navyo Nyarakani.

Kama unamtafuta bibi, kaa kwa wazee na daftari la ndoa, na ukifika Nyarakani soma kesi za mahari na talaka.

Kama uko ughaibuni na likizo ni ya wiki mbili, fanya Berlin, Kew au Rome ukiwa huko huko, na wiki zote mbili ziwe za kijijini.

Na kama ukoo wenu ulihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, makaburi hayako mlipo sasa. Mwombe mzee akupeleke mahame kabla ya masika, nyasi zikiwa fupi. Miembe iliyopandwa na mtu huonekana kwa mstari wake, na mawe matatu ya jiko hukaa palepale. Mimi nilipofika kwetu, Bibi alisimama chini ya mwembe mmoja akaonyesha kwa fimbo mahali mlango ulipokuwa, akaanza kunitajia waliolala ndani, mmoja mmoja, kuanzia mlangoni.